🤭🔫: tulituma nini ile siku?

Bandugu, mniruhusu nirudi nyuma kidogo, kwenye tarehe 7 Februari 2024. Nusu fainali ya CAN, Léopards na Côte d'Ivoire, uwanja wa Alassane Ouattara kule Ebimpé, pembeni ya Abidjan. Wimbo wa taifa ulipopigwa, wachezaji wetu waliweka mkono mmoja kwenye kinywa, na vidole viwili vya mkono mwingine pembeni ya kichwa, kama bunduki. Hapa Lubumbashi hakuna mtu aliyehitaji kuelezwa. Kule Kivu watu wanauawa na dunia imenyamaza. Ama basi: wanauawa na wamezibwa kinywa. Ishara ilibeba maana zote mbili bila shida.

Dakika mbili hazikupita, grupu yetu ya promosio ikajaa 🤭🔫. Mmoja alianza, wengine tukafuata. Mimi nilituma mara tatu. Kwa hiyo haya mashitaka ninayoleta leo, miye pia niko kati ya washitakiwa.

Aliyenishtua ni mdogo wangu, yuko bado sekondari. Alichungulia telefone yangu, akauliza: «Yaya, juu ya nini munacheka?»

«Hatucheke. Ni ile ishara ya bachezaji.»

Akaangalia tena. «Lakini ile sura iko nacheka.»

Kweli, ilikuwa inacheka. Angalieni vizuri 🤭: mashavu mekundu, macho ya furaha, mkono kwenye kinywa kama wa mtoto anayejizuia kucheka kanisani. Iliingia kwenye telefone mwaka 2017, na ilichorwa kwa kicheko. Mwaka 2021 ikaletwa ndugu yake 🫢, yenye macho wazi. Ile ni afadhali, lakini bado inafanana na mtu aliyesikia habari za jirani. Na telefone nyingi zetu za zamani zinaonyesha paka kisanduku kitupu.

Bunduki njo mbaya zaidi. Mwaka 2010 ile 🔫 ilikuwa bastola ya kweli. Mwaka 2016 Apple wakaibadilisha kuwa mchezo wa watoto wa kurushia maji, rangi ya kijani, na kufika 2018 Google, Samsung na WhatsApp walikuwa wamefuata. Sitawalaumu: Marekani kuna watu waliokuwa wanapigana na bunduki za kweli, na walikuwa na sababu. Lakini uamuzi wao ulifika mpaka Katuba na Kenya bila kutuuliza. Halafu Julai 2024 X wakarudisha bastola. Kwa hiyo ujumbe mmoja, kwa WhatsApp unalowesha, kwa X unaua.

Sasa tujumlishe: siku ile tulituma mtu anayecheka, na kitu cha kumwagia maji.

Kuko rafiki yangu anasema natafuta makosa pasipo makosa. Kwake emoji ni kama neno, maana yake ni ile wanayoipa wenye kuitumia. Anatoa mfano wa 🙏: sisi tunaiweka kwa sala, kwa kilio, kwa kuomba franga za transport, na tunasikilizana. Nakubali nusu. Ndani ya grupu, ndiyo, tulisikilizana. Lakini wale wachezaji hawakufanya ishara juu yetu sisi tunaojua. Waliifanya mbele ya kamera, juu ya wale wasiojua. Ilikuwa ishara ya kuamsha mgeni, na sisi tukaigeuza kuwa siri ya wenyeji. Binamu yangu wa Kitwe, niliyemtumia, alijibu 😂😂. Alifikiri tunajicheka juu ya kupoteza 1–0 na lile goli la Haller. Hakuwa na ubaya. Alisoma kilichochorwa.

Na hata kati yetu, hatukusikilizana wote. Kwenye grupu kuko mwenzetu, binti wa Masisi. Wiki ile mama yake alikuwa amekimbia vita Sake, anatembea kuelekea Goma. Usiku akaandika: «Bandugu, mama yangu iko mu njia, na miye naona paka bichekesho.» Hakuna aliyemjibu kwa maneno. Wawili waliweka 🙏. Miye sikuweka kitu. Nilimpigia simu asubuhi, na kusema kweli nilikuwa nimechelewa.

Kuko kitu kimoja nilikielewa nyuma, nilipojaribu ile ishara mbele ya kioo. Inataka mikono yote miwili. Mwenye kuifanya hawezi kushika telefone, hawezi kushika hata kikombe. Lazima aache vyote asimame pale. Emoji inataka kidole gumba kimoja, na mkono mwingine unaendelea kula bukari.

Mtaniuliza: na ✋ ya Kuka Mboladinga je? Ile ya kule Morocco, CAN ya 2025, alipokuwa anasimama kama sanamu ya Lumumba mechi nzima? Mchoro ule unafanana, sawa. Lakini kwa nusu ya dunia ✋ maana yake ni «simama hapo». Hata mwili wenyewe haukutosha: Amoura wa Algeria alimwigiza kwa kumcheka, kisha akaomba msamaha, akisema hakujua ile ishara inamaanisha nini. Tofauti ni kwamba Kuka alikuwa bado amesimama pale, na mgeni angeweza kuuliza. Tungemwambia kwamba yule mtu aliuawa hapa kwetu, tarehe 17 Januari 1961, upande wa njia ya Likasi. Emoji ukiiuliza haijibu.

Mwisho wa Januari 2025, M23 walipoingia Goma, grupu ilianza tena: 🤭🔫, 🤭🔫. Mara hii niliandika: «Nani iko na batu ku Goma? Mutupe habari, tujue namna ya kusaidia.» Majibu ya kwanza yalichukua karibu saa nzima. Yalitoka kwake:

«Mama alipiga simu jana. Iko ku Ndosho. Aksanti juu ya kuuliza.»