Usiutazame Mpira

Koti la mzee yule lina mifuko miwili mikubwa, na kila Jumapili ya mazoezi mfuko wa kushoto huwa na punje za mahindi. Anafika uwanjani saa kumi jioni, anaegemeza baiskeli kwenye mgunga, anachagua mchezaji mmoja kati ya wale 22, na kwa robo saa nzima hamtazami mwingine. Kijana akifanya la maana wakati mpira hauko miguuni kwake, punje moja inahamia mfuko wa kulia. Akizubaa, haihami. Robo saa ikiisha mzee anazihesabu kwa vidole humo humo mfukoni, ananung'unika, anazirudisha kushoto, kisha anahamia kwa mwingine. Magoli yeye huyasikia kwa kelele tu.

Hapo ni Robanda, kijiji cha Waikoma wilayani Serengeti, jirani na lango la Ikoma. Ni kimoja kati ya vijiji vitano vinavyounda Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Ikona, na barabara yake haiishi magari ya watalii. Wageni wanapita wamesimama kwenye magari yenye paa la kufunguka, darubini shingoni, wakiwahi nyumbu. Sijaona hata mmoja aliyeigeuza darubini upande wa uwanja, na nadhani wanakosa. Hapa kutazama ni ajira. Wapo vijana wanaolipwa kwa kujua, kwa mkao wa masikio ya tembo tu, kama gari lisogee au lirudi nyuma. Wapo wazee wanaomtazama ng'ombe mnadani na kuitaja kasoro yake kabla muuzaji hajafungua mdomo. Mpira ulipokuja uliikuta kazi hiyo imeshaanza zamani.

Ilikuwa Juni, mahindi yameshavunwa, na vijana wanajiandaa kwa mashindano ya kiangazi. Walijigawa wenyewe, timu moja mashati, nyingine vifua wazi. Mwamuzi alikuwa mwalimu mwenye filimbi ya shule. Nilimwamkia mzee, akaitikia marahaba bila kunigeukia, nikakaa kwenye jiwe pembeni yake. Nikamuuliza ni ngapi ngapi.

"Sijui," akasema, na kweli alikuwa hajui. Kikapita kimya. "Mura, usiutazame mpira. Mpira hatuupangi namba."

Jaribu siku moja uone. Jicho ni kama mbuzi mbele ya shamba la mihogo, unalivuta huku nalo linakwenda kule. Katika dakika 90 mchezaji mmoja hukaa na mpira mguuni dakika mbili, tatu hivi. Zile nyingine zote anafanya nini? Sisi mashabiki hatujui, maana tulikuwa tunautazama mpira ukiwa kwa mwenzake. Halafu tukifika kijiweni tunatoa hukumu: fulani mzuri, fulani hamna kitu.

Mzee alinipa wa kujifunzia. Alikuwa kiungo wa vifua wazi, kijana mwembamba mwenye kaptula ya bluu iliyofumuka pindo. Mwanzoni sikuona chochote. Anatembea, anakimbia kidogo, anatembea. Kisha nikaanza kuona kichwa chake. Kabla pasi haijamfikia, alikuwa anatupa jicho bega la kushoto, halafu la kulia, kama mtu anayevuka barabara ya Mugumu siku ya mnada. Pasi ikifika anaipokea akiwa amekaa upandeupande, nayo inatoka kwa mguso mmoja kwenda kwa aliyekwisha kumwona. Mara moja tu alisahau kutazama bega, na hiyo hiyo moja akanyang'anywa.

Kisha likatokea jambo ambalo peke yangu nisingeliona hata kwa dawa. Beki wake wa kushoto alipanda mbele, akapoteza mpira. Watu wote walikimbilia ulipo mpira. Kaptula ya bluu, ambaye hakuna aliyemwita, alikata kushoto kwenda kwenye pengo aliloliacha beki, akasimama pale. Winga wa mashati alinyanyua kichwa, akaona njia imezibwa, akarudisha mpira nyuma. Basi. Mpira haukufika kabisa pale aliposimama yule kijana, na hakuna aliyepiga makofi. Mzee alihamisha punje mbili kwa mpigo.

Huo ndio ufundi ninaousifu, na nausifu kwa sababu hauna wa kuusifu. Kocha anayeshinda kombe anabebwa juu. Anayekaa chini ya mgunga wiki sita kabla ya kombe, akipima nani yuko sawa na nani acheze wapi, hata soda hanunuliwi.

Watu wengi huchanganya kipaji na kiwango. Kipaji ni cha mtu, kiwango ni cha wiki. Ili ukipime kiwango lazima uijue wiki ya mwenyewe, na hapo mzee wa kijijini anampita kocha mwenye cheti. Anajua kwamba beki wa kulia wa mashati ni bodaboda, ameshinda juu ya pikipiki tangu alfajiri, kiuno kimekauka. Huyo dakika 20 za kwanza ni za kumsamehe. Anajua mshambuliaji mrefu anafanya kazi kwenye kambi moja ya watalii, anakula vizuri na ana pumzi, ila ametoka zamu ya usiku na macho yanamwuma. Yupo mchungaji asiyechoka hata umkimbize hadi Nata, lakini mpira ukimgusa unaruka kama umegonga gogo, kwa sababu hajaucheza tangu mvua za masika. Yupo mwanafunzi aliyerudi kutoka UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, akiwa moto, chenga zote anazo. Mzee alimtazama robo saa yake, akatikisa kichwa. "Huyu anaumwa kifundo cha mguu." Mimi sikuona hata kuchechemea. "Tazama pasi zake. Zote anapiga kwa nje ya mguu. Anauficha." Baada ya mechi kijana alivua soksi, na kifundo kilikuwa kimevimba kama ndimu.

Nilimwuliza alijifunzia wapi kuona hivyo. Akanijibu kama vile swali lenyewe ni la kitoto: kwenye ng'ombe. Ng'ombe haongei, na mwenye ng'ombe anadanganya. Unabaki na miguu.

Nadhani na lile la pili, la kumpa mtu namba yake, lilitoka huko huko. Mikoa ya kanda ya ziwa bado inalima kwa plau ya maksai, na atakayesema maksai wawili ni sawa tu hajawahi kushika nira. Plau inamwaga udongo upande wa kulia. Kwa hiyo maksai wa kulia anatembea ndani ya mtaro uliokwisha kulimwa, na wa kushoto anatembea juu, kwenye ardhi ambayo bado ni ngumu. Kazi zao hazifanani. Wa mtaroni ndiye anayenyoosha mstari, na akiwa na papara shamba zima linapinda. Wa juu anahitaji kifua. Ukiwabadilisha bila kuwazoeza, wote wawili wanaonekana wabovu na wewe unaonekana huna ng'ombe. Na ndama dume anayeanza kazi hafungwi na ndama mwenzake, anafungwa na maksai mzee anayeijua njia, mpaka shingo yake izoee.

Sasa rudi uwanjani. Kipindi cha pili mzee alimwita nahodha, akamnong'oneza, na namba zikabadilika. Winga mmoja mwenye mbio, ambaye kipindi cha kwanza kizima alikuwa akipoteza mipira, akarudishwa beki wa kushoto. Nyuma yake, kama beki wa kati, akawekwa baba wa watoto wanne, mzito, kipara kinang'aa, asiyekimbia kwa sababu huwa ameshafika. Kijana akawa na uwanja mbele yake badala ya mstari mgongoni, na sauti ya mtu mzima masikioni: panda, rudi, tulia. Baada ya dakika kumi alikuwa mchezaji mwingine. Mbio ni zile zile, tatizo lilikuwa alikuwa anakimbia akitokea mahali pasipo pake.

Nchi hii ina neno zuri kwa mchezaji anayeweza kukaa popote: kiraka. Erasto Nyoni ndiye kiraka mashuhuri wa kizazi chetu. Alicheza beki wa pembeni, beki wa kati, kiungo mkabaji, na bao lake ndilo lililoipa Taifa Stars ushindi wa 1-0 Ouagadougou dhidi ya Burkina Faso mwaka 2007. Lakini neno lenyewe lina mtego. Kiraka ni cha kuziba tobo la nguo, na makocha wengi humtumia kiraka hivyo hivyo, leo huku kesho kule, mpaka kijana anasahau anachojua. Nasema kwa uchungu kidogo. Nikiwa sekondari nilipangwa namba nne tofauti katika mechi nne za kirafiki, na mwalimu aliyenipanga hakuwahi kunitazama hata mara moja, maana alikuwa anautazama mpira. Mechi ya tano nilikuwa mbeba maji. (Kusema kweli, mzee angenipa kazi hiyo tangu mechi ya kwanza.)

Kupanga namba si kwetu tu. Mbali huko Australia wana kandanda yao ya mpira wenye umbo la yai, wachezaji 18 kila upande, uwanja nao kama yai, na hakuna kuotea. Ligi yao huanza Machi, na katika mechi za kujipima nguvu kabla ya hapo mashabiki wa kweli hawashughulikii sana nani kashinda; wanatazama kocha kampanga nani mbele, nani nyuma, nani katikati. Mmoja wa mabeki wao wakubwa, Aliir Aliir, alizaliwa kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Turkana, akachezea Sydney Swans kisha Port Adelaide. Mtoto wa Kakuma, kwenye mchezo usio wa kambini, akawa nguzo ya ulinzi. Bila shaka ana kipaji. Ila yupo mtu, mahali fulani, aliyekaa pembeni ya uwanja siku isiyo na kombe, akamtazama kwa utulivu, akasema: huyu mwekeni nyuma.

Kwetu siku za namna hiyo zinapungua. Mechi za klabu kubwa za kufungua msimu zimekuwa harusi. Simba Day na Wiki ya Mwananchi zina wasanii, fataki na wachezaji wanaotambulishwa mmoja mmoja kama mabibi harusi, na nikiri kwamba mimi mwenyewe huzifurahia. Lakini usimpime mchezaji siku ya harusi yake. Kesho yake magazeti yanaandika "moto wa kuotea mbali", na kufika Novemba moto umeshakuwa majivu.

Mkoa wetu huu wa Mara si mgeni kwenye soka. Biashara United ya Musoma ilipanda Ligi Kuu, na mwaka 2021 ikacheza Kombe la Shirikisho Afrika. Lakini kutoka Uwanja wa Karume wa Musoma hadi uwanja wa Robanda ni mbali, na watafuta vipaji hawafiki kila Jumapili. Anayefika ni mwenye punje. Asipomwona yeye yule kaptula ya bluu, hakuna mwingine wa kumwona, kwa kuwa kijana mwenyewe hafungi wala hapigi kanzu. Hana kitu cha kusimuliwa kijiweni.

Giza lilipoanza kuingia, vijana walikaa chini kwenye vumbi, na nahodha akaja mgungani na daftari la shule. Mzee alitaja majina taratibu. La kwanza lilikuwa la kaptula ya bluu, namba 6. La pili, yule winga, sasa namba 3. Mwanafunzi: wiki tatu bila mpira, akaguliwe kifundo kwanza. Aliendelea hivyo hadi 11, na straika wa vifua wazi, aliyefunga magoli matatu mbele ya macho yetu sote, hakutajwa.

Nahodha akasita. Hata mimi nilishindwa kuvumilia. Nikasema, mzee, huyu si kafunga matatu?

"Kamfunga nani?" akauliza. Nikafikiri. Yote matatu yalipita kwa beki wa kulia, yule bodaboda, na yote yalikuwa ya mapema, kabla kiuno chake hakijalainika. Baada ya hapo straika hakupata hata shuti. "Wiki ijayo bodaboda apumzike Jumamosi," mzee akamwambia nahodha, "halafu tuwakutanishe tena. Hapo nitakuambia kama tuna straika."

Akamwaga punje zote kwenye kiganja, akazipuliza vumbi, akazirudisha mfuko wa kushoto. Akapanda baiskeli. Mimi nikamfuata mwalimu mwenye filimbi kumuuliza matokeo. Alisema ni tano nne, au labda tano tano; hakuwa ameandika.