Heko kwa Watunzaji wa HTML

Ukurasa wa kwanza wa wavuti, kazi ya Tim Berners-Lee katika maabara ya CERN karibu na Geneva, bado unafunguka kwenye simu ya leo. HTML yake, yaani lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, ni ya mwanzoni mwa miaka ya 1990. Sifa ya kudumu huko ni ya watunga viwango vya lugha hiyo, watu ambao majina yao hayatajwi sana.

Aprili 1993 CERN iliuachia umma teknolojia hiyo bila malipo. Mwaka uliofuata Berners-Lee alianzisha W3C, shirika la kusimamia viwango, na Håkon Wium Lie akapendekeza CSS, lugha ya kupanga rangi, herufi na nafasi, ili HTML ibaki na kazi ya kueleza maudhui.

Njia haikunyooka. W3C ilitaka kuhamia XHTML 2, lugha kali isiyooana na kurasa zilizokwisha andikwa. Mwaka 2004 watu wa Apple, Mozilla na Opera, watengenezaji wa vivinjari, waliunda kikundi cha WHATWG, wakishikilia kwamba kurasa za zamani lazima ziendelee kufanya kazi. Hakuna uamuzi mwingine uliouheshimu umma zaidi ya huo! XHTML 2 iliachwa mwaka 2009, HTML5 ikaidhinishwa 2014, na mwaka 2019 pande hizo mbili zikakubaliana juu ya HTML moja, inayorekebishwa na WHATWG kila inapohitajika.

Kijana anayejifunza kuunda tovuti asiishie kwenye video za mafunzo. Akisome kiwango chenyewe cha HTML; kiko wazi, bila malipo.