Hongera Jumuiya Ndogo Ndogo

Mwaka 1976 maaskofu Wakatoliki wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, walizipa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kipaumbele katika uchungaji. Waliona mbali. Parokia ni kubwa, padre ni mmoja; jirani ndiye anayejua nani hajaonekana tangu juzi.

Wanajumuiya hukutana nyumbani kwa mmoja wao, kwenye mkeka au viti vya kuazima. Husoma Injili ya Jumapili ijayo, na bibi asiyejua kusoma hutafakari sawa na mwalimu. Kisha hujadiliana: fulani kalazwa, nani atampelekea uji? Mjane wa pale chini, shamba lake limeingiliwa na shemeji. Nani atamsindikiza kwa mtendaji wa kijiji? Hapo ndipo ninapozivulia kofia jumuiya hizi, maana sala huondoka na watu wawili wenye majina na siku ya kwenda.

Nchini Kenya, kila Kwaresima, Tume ya Haki na Amani ya Kanisa Katoliki hutoa kijitabu ambacho jumuiya hizi hukitumia kujadili mambo kama rushwa na ardhi kwa hatua tatu: kuona, kuamua, kutenda. Hongereni viongozi, hasa akina mama mnaobeba daftari la michango na kugonga milango jioni.