Boma au Ukuta? Neno Juu ya Miji ya Katuni za Kijapani

Katika filamu za katuni za Kijapani zipendwazo na vijana wetu, mji mmoja hurudiwa mara nyingi: ukuta wa mawe wa mviringo, lango kuu, mapaa mekundu na mnara katikati. Umeigwa Ulaya ya zama za kati, lakini aghalabu umeigwa sura tu. Mtazamaji huonyeshwa ukuta, wala haonyeshwi shamba, kisima, wala mtu aliyebeba mawe.

Kuta za kweli zina maneno zaidi. Mji wa Gedi karibu na Malindi, ambao James Kirkman alianza kuuchimbua mwaka 1948, ulikuwa na ukuta wa nje na wa ndani. Ndani ya ule wa ndani mlikuwamo msikiti mkuu, jumba la mtawala na nyumba za mawe. Nje yake zilikuwako nyumba za udongo. Basi, ausomaye ukuta wa Gedi husoma daraja za watu.

Kazi ya Hajime Isayama, Shingeki no Kyojin, iliyoanza kuchapishwa mwaka 2009 na kufanywa filamu mwaka 2013, yawazidi wenzake kwa jambo hilo. Ina kuta tatu, kila mmoja wa mita 50, na wakuu hukaa ndani kabisa. Ukuta wa nje unapovunjwa, mwaka 845 wa hadithi, mashamba hupotea na njaa huingia. Mwaka wa pili watu 250,000 hupelekwa nje kwa jina la vita, na wachache tu hurudi. Hatimaye twajua kwamba mfalme aliyezisimamisha kuta hizo aliwafungia watu wake humo na kuwaondolea kumbukumbu.

Hapo ndipo lugha yetu ina la kusema. Vijana hufasiri kwa neno “ukuta”. Sisi tukaao chini ya Mlima Meru tunalo neno “boma”. Kwa Kiswahili cha huku, boma ni uzio wa miiba uwalindao ng’ombe wa Mmasai, ambaye mwenyewe huuita mji wake enkang’. Boma vilevile ni ngome ya mawe ya Wadachi mjini Arusha, iliyokamilika mwaka 1900 kwa kazi ya shuruti ya Waarusha na Wameru, na ambayo leo ni makumbusho. Uzio wa kwanza humlinda aliyeujenga. Ngome ya pili ilimtawala aliyeijenga. Neno moja limebeba ulinzi na kifungo, na ndiyo maana hasa ya hadithi ya Isayama.

Kasoro moja yabaki. Kuta za Isayama zimeundwa kwa miili ya majitu, kwa hiyo hakuna jasho la mjenzi ndani yake. Boma la Arusha halikuinuka hivyo. Mfasiri atakayeandika “boma” atairudishia hadithi swali iliyoliacha: ni nani aliyebeba mawe?