Mganda, Ngoro na Mwanzo wa Maigizo Shuleni

Mwalimu anayeanzisha maigizo katika darasa la sita au kidato cha kwanza mara nyingi huanza na kitabu. Huchagua tamthilia, hugawa majina ya wahusika, kisha huwataka watoto wakariri. Mkoani Ruvuma, ambako viongozi wa Kingoni walinyongwa Songea mwaka 1906 katika Vita vya Maji Maji, ni rahisi kuvutwa na Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969. Tamthilia hiyo ni kubwa, na ndiyo sababu haifai kuwa hatua ya kwanza. Mtoto asiyejua bado kutunza pumzi yake hupewa maneno ya mtu aliyebeba dhamana ya umma mzima, naye huyatamka kama jedwali la kuzidisha. Ngonjera zetu nyingi zimeharibika kwa njia hiyo hiyo: safu iliyonyooka, mikono iliyoganda, macho yote kwa mgeni rasmi.

Hali hapo hapo ufukoni mwa Ziwa Nyasa, toka Lituhi hadi Liuli na Mbamba Bay, iko ngoma ya mganda. Wachezaji hujipanga kama askari, huenda kwa hatua zilizopimwa na kugeuka kwa pamoja, wakiongozwa na ngoma na malipenga ya vibuyu. Mchezaji hana budi kujua nafasi yake kati ya wenzake bila kuwatazama, kudhibiti pumzi, na kulitambua badiliko la mdundo mara linapotokea. Hizo ni stadi za mwanzo kabisa za mwigizaji.

Hata hivyo, tusikubali upesi usemi kwamba mganda ni urithi usiochanganyika na chochote. Mwanahistoria T. O. Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 juu ya beni, ameonyesha jinsi ngoma za namna hii zilivyochipuka katika miji ya pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, zikaenea bara pamoja na askari na wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918. Kwa maoni yetu asili hiyo haiipunguzii ngoma heshima. Darasani yaiongezea thamani. Watu walimtazama ofisa wa kikoloni, wakaushika mwendo wake, wakautia chumvi kidogo, hatimaye wakaufanya wao. Kuigiza ni nini zaidi ya hapo? Basi wanafunzi na watumwe wakamchunguze karani wa mizani ya kahawa, utingo wa basi la Songea, au mama anayeanika dagaa, kisha wamlete darasani kwa mwili tu, bila neno. (Mwalimu mkuu asiigizwe, walau si juma la kwanza.)

Milimani, Umatengo una shule yake katika ngoro. Nyasi zilizofyekwa hulazwa kwa miraba juu ya mteremko, udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kuzifunika, hata yakabaki mashimo yaliyozungukwa na matuta. Chora miraba hiyo uwanjani kwa fimbo, nawe umepata jukwaa: kila mtoto na shimo lake, na njia za kupita bila kugongana. Watoto wanaokulia kwenye miteremko hiyo hawahitaji kuelezwa maana ya nafasi.

Linabaki suala la wasichana. Mganda ni ngoma ya wanaume. Mwalimu anayeitegemea peke yake atawaacha wasichana pembeni wakipiga vigelegele. Kioda, ngoma ya wanawake, yapasa iingie darasani kwa haki ile ile, si kama kipumziko. Jambo hili si dogo. Mpango wa Tuseme, ulioanzishwa mwaka 1996 na walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akina Penina Mlama na Amandina Lihamba, uliwapa wasichana wa sekondari maigizo ili wayaseme matatizo yao wenyewe. Msichana aliyefundishwa kukariri tu hawezi kufika huko, kwa kuwa hajapata kuulizwa anataka kusema nini.

Kwa wanaolalamika kwamba hawana vifaa, twapendekeza zoezi la kuvuta kokoro. Wanafunzi ishirini husimama katika safu mbili na kuvuta wavu usiokuwapo. Uzito lazima uonekane migongoni, na anayelegea atambuliwe na wenzake, si na mwalimu. Kisha mmoja wao, bila kuagizwa, aone kwamba wavu umetoka mtupu, na wengine waamue watafanya nini. Kipindi cha dakika 40 chatosha.