Maficho Kwanza, Tandiko Baadaye

Chatu jike wa kusini mwa Afrika akikaribia kutaga hahangaiki kujenga. Hutafuta shimo lililoachwa na muhanga, akaingia, akataga, akajizungushia mayai yake. Mtafiti Graham Alexander wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand aliwafuatilia chatu hao kwa miaka 7 katika hifadhi ya Dinokeng, kaskazini mwa Pretoria, kwa vifaa vya kurusha mawimbi ya redio na kamera zilizowekwa mashimoni. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Jike hutoka kuota jua mlangoni mwa shimo hadi mwili unafikia karibu nyuzi 40 za Selsiasi, kisha hurudi ndani na joto hilo kuyakumbatia mayai. Ngozi yake hugeuka nyeusi ili ilinyonye jua vizuri zaidi. Muda wote huo hali chochote, na uzito wake hupungua kwa takriban asilimia 40. Watoto wakishaanguliwa hukaa hapo karibu wiki 2, mchana wakiota jua mlangoni, usiku wakilala katikati ya mwili wa mama.

Chatu huyo, Python natalensis, ndiye tuliye naye pia katika miombo ya mkoa wa Ruvuma, kusini mwa Tanzania. Nimeanza na shimo lake kwa sababu ndani yake mna jibu la swali linalowasumbua wengi wanaofuga nyoka: ni tandiko gani na maficho gani yanafaa kizimbani?

Tulichambue shimo hilo. Mlangoni pana jua. Hatua chache ndani, joto ni tulivu, halipandi wala kushuka kwa kasi. Hewa ya ndani ina unyevu kuliko ya nje, hata kiangazi. Dari liko chini, kuta ziko karibu. Kwa hiyo chatu anaweza kupata joto na kupoa bila kwenda mbali na usalama wake. Hapo ndipo vizimba vingi vinapokosea: vinamlazimisha nyoka achague ama joto, ama usalama. Nyoka akilazimishwa hivyo, mara nyingi huchagua usalama, akabaki na baridi. Asipopata joto, chakula hakimeng'enywi tumboni, na anaweza kukitapika.

Leseni kabla ya kizimba

Kabla ya yote kuna sheria. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori, Namba 5 ya mwaka 2009, hairuhusu mtu kumkamata nyoka wa porini na kumweka nyumbani kwa hiari yake. Ufugaji unataka leseni, na mamlaka ya kuanza nayo nje ya hifadhi za taifa ni TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania. Basi yanayofuata hapa ni kwa bustani za nyoka zenye kibali, kwa vituo vya utafiti, na kwa Watanzania walio nchi ambako nyoka wa kufugwa huuzwa dukani kihalali. Kijana wa Kingerikiti, huko Ruvuma, aliyeona chatu shambani amwache aende zake.

Maficho: mawili, na yawe ya kubana

Kanuni ya kwanza ni maficho mawili: moja upande wa joto, lingine upande wa baridi. Kwa chatu, upande wa joto uwe karibu nyuzi 32 na ule wa baridi karibu 25. Ficho moja tu, hata liwe zuri namna gani, linarudisha lile tatizo la kuchagua.

Kanuni ya pili ni ukubwa. Mfugaji mwenye huruma huweka boksi pana, akidhani anamwonea nyoka akimbana. Kinyume chake ndicho sahihi. Nyoka hujihisi salama ubavu wake unapogusa ukuta na mgongo wake unapokaribia dari. Mlango uzidi kidogo tu unene wa mwili wake akiwa ameshiba. Akikua, ficho libadilishwe.

Kwa vifaa, Ziwa Nyasa lina hazina yake. Vyungu vya Wakisi wa Matema na Ikombe, upande wa Kyela, vinafinyangwa kwa udongo unaopokea joto polepole na kulitoa polepole. Chungu kidogo kikilazwa ubavu, au nusu ya chungu kilichovunjika ikifunikwa, ni ficho bora kwa nyoka mdogo kama yule wa kahawia wa jenasi Boaedon, anayeingia majumbani kufuata panya na asiye na sumu. Kingo zisuguliwe kwa jiwe mpaka zisikwaruze. Chungu kisichopakwa rangi kina faida nyingine: kikiloweshwa kwa nje, maji hupenya taratibu na ndani pakawa na unyevu bila tandiko kulowa.

Unyevu huo ni wa lazima nyoka anapojivua gamba. Kwa siku hizo liwepo ficho la tatu, lenye kitambaa cha pamba au makumbi ya nazi yaliyoloweshwa na kukamuliwa. Gamba likitoka vipandevipande, au likibaki juu ya macho, mara nyingi ni dalili ya hewa kavu.

Kitu chochote kizito, jiwe au chungu, kikae juu ya sakafu ya kizimba chenyewe. Kikiwekwa juu ya tandiko, nyoka anayechimba atapita chini yake na kinaweza kumkandamiza.

Kwa nyoka wenye sumu, ficho lina kazi moja zaidi, nayo ni kulinda maisha ya mtu. Wafugaji wenye uzoefu hutumia boksi lenye mlango wa kuteleza: nyoka akishaingia kulala, mlango unasukumwa kwa fimbo ndefu kutoka nje, ndipo kizimba kinasafishwa. Njia hii hufaulu pale tu nyoka analipenda ficho lake. Likiwa pana na lenye mwanga, hataingia, na msafishaji atabaki naye uso kwa uso.

Tandiko: lichunguzwe moja moja

Tandiko lina kazi tatu: kupokea uchafu, kutunza unyevu unaotakiwa, na kumruhusu nyoka kufukua kama ni desturi yake. Tuyapime yale yanayopatikana kati ya milima ya Umatengo, mkoani Ruvuma, na mwambao wa Ziwa Nyasa.

Gazeti na karatasi nyeupe hazipendezi macho, lakini kwa nyoka mgeni hazina mpinzani. Utitiri mweusi unaonyonya damu ya nyoka huonekana upesi juu yake, na kinyesi hukaguliwa bila shida. Nyoka yeyote mpya aanzie hapo.

Pumba za mpunga ni tele kando ya ziwa na bei yake ni ndogo, ila hazifai. Zina silika nyingi, ni kali, zina vumbi, na hazinyonyi maji vya kutosha. Nyoka akimeza windo, pumba hunasa mdomoni na kukwaruza ufizi, na kidonda cha mdomo huanzia hapo.

Maganda ya kahawa yana sura mbili. Yale mabichi ya mashine za kumenyea yana sukari, huchachuka na kuota ukungu, yasikaribie kizimba. Ganda kavu jembamba linalobaki kahawa ikikobolewa ni jepesi na safi zaidi, lakini halishiki unyevu na hupeperuka. Linafaa kuchanganywa kidogo na udongo, halifai kuwa tandiko peke yake.

Vumbi la mbao ni mtego. Mbao zenye harufu kali, kama mierezi, hutoa mvuke wa mafuta unaodhuru njia ya hewa ya nyoka, hasa kizimbani ambamo hewa haizunguki. Misonobari yenye utomvu na mikaratusi nayo iepukwe. Vumbi la mninga linajulikana na mafundi seremala kwa kuwasha na kubana kifua. Tusimtegemee nyoka alivumilie.

Mchanga wa ziwa ni safi, lakini ukilowa hupoa sana na ukikauka hukwaruza. Una mahali pake kwa nyoka wa nchi kavu wanaojizika mchangani, kama Eryx colubrinus wa kaskazini mwa Tanzania na Kenya. Chatu hauhitaji.

Linaloshinda kwa nyoka wengi wa miombo ni mchanganyiko wa udongo wa msituni na majani makavu. Udongo uanikwe juani juu ya bati, uchekechwe, upangwe kwa kina cha sentimita 5 hadi 10, na majani yawekwe juu. Tabaka la chini liwe na unyevunyevu, la juu liwe kavu. Mpangilio huo ni muhimu, kwa maana nyoka anayelala juu ya tandiko lililolowa muda wote huota vidonda tumboni, magamba yakaoza. Kinyesi kiondolewe siku hiyohiyo.

Mwinuko nao uhesabiwe

Uso wa Ziwa Nyasa uko karibu mita 475 juu ya usawa wa bahari, na milima ya Umatengo inapanda kupita mita 1,500. Kwa kila mita 100 za kupanda, joto hupungua kwa zaidi ya nusu nyuzi. Kwa hiyo kizimba kinachotosha Mbamba Bay, kando ya ziwa, kinaweza kuwa pungufu kwa nyuzi 6 kikihamishiwa milimani, na Juni na Julai upungufu huo unaweza kumuua nyoka. Huko juu tandiko liwe nene zaidi, na chanzo cha joto kiwe na thamostati. Joto lipimwe ndani ya ficho lenyewe, kwa sababu nyoka haishi kwenye ukuta wa kizimba ambako kipimajoto huning'inizwa.

Baada ya hapo nyoka mwenyewe atatoa hukumu. Akisugua pua kwenye kioo kila usiku, akikataa chakula bila ugonjwa, au asipotoka kabisa upande mmoja, usianze kwa kubadili chakula. Anza kwa kubana ficho, kisha pima joto la pande zote mbili, kisha kagua unyevu wa tandiko. Fuata mpangilio huo, badilisha kitu kimoja kwa wakati, na mpe wiki moja au mbili za utulivu kabla ya kugusa kingine. Anayebadilisha vyote kwa pamoja hatajua kilichomponya, na kwa nyoka anayefuata ataanza tena gizani.