Shahada za Juu za Muziki na Istilahi Zinazoficha Masharti

Istilahi ya elimu ina kazi mbili. Kwanza hulitaja jambo. Pili humwezesha mtu ambaye hakuwapo darasani kuamua juu ya jambo hilo. Kazi hii ya pili ndiyo isahaulikayo mara nyingi. Afisa anayepima cheti cha mwombaji wa kazi hakumsikia mwombaji huyo akipiga kinanda, wala hakuisoma tasnifu yake. Anachokiona ni maneno tu. Maneno yakipotosha, mwenye haki atanyimwa, na asiyestahili atapewa.

Katika makala haya tunakusudia kuhakiki tafsiri moja iliyotufikia ya mwongozo wa masomo ya shahada za juu za muziki katika chuo kikuu kimoja cha Marekani. Mfasiri hatumtaji, wala chuo hatukitaji, kwa kuwa nia yetu si kumwaibisha mtu bali kuipima kazi. Tena ni haki tuseme mapema kwamba sarufi ya tafsiri hiyo ni safi na mtiririko wake unapendeza. Kasoro yake iko penginepo: mahali ambapo asilia inatofautisha, tafsiri inachanganya.

Tuanze na hesabu, maana hapo ndipo kosa linapoweza kuleta hasara ya haraka. Tafsiri inasema kwamba shahada ya uzamili inahitaji “masomo ya saa 30”. Msomaji wa kawaida atastaajabu: je, mtu hupata shahada kwa muda usiotimia hata siku mbili? La hasha. Chama cha Kitaifa cha Shule za Muziki cha Marekani, kilichoundwa mwaka 1924, huweka saa 30 za muhula kuwa kiwango cha chini cha shahada hiyo. Saa moja ya muhula, kwa kawaida, ni saa moja ya darasa kila juma katika muhula mzima wa majuma 15 hivi. Kwa hesabu hiyo, saa 30 za muhula ni sawa na saa 450 hivi za darasani, na humo hayamo mazoezi ya ala ambayo mwanafunzi huyafanya peke yake.

Wako watakaoshauri kuandika “krediti 30”. Ushauri huo nao una hatari yake. Katika utaratibu wa vyuo vikuu vya Tanzania, krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kujifunza kwa jumla, za darasani na za nje ya darasa. Afisa akizisoma krediti 30 za Marekani kwa kipimo cha Tanzania, atamdhulumu mwenye cheti pasipo kujua. Kwa hiyo yafaa iandikwe “saa za muhula”, na maana yake ielezwe mara moja mwanzoni mwa tafsiri.

Jambo la pili ni majina ya shahada zenyewe. Mwongozo wa asili unataja shahada mbili za daraja la juu kabisa. Ya kwanza ni Daktari wa Falsafa, ambayo msingi wake ni utafiti: mwanafunzi husoma lugha za kigeni zinazohitajika katika uchunguzi wake, hufanya mtihani wa kumpa sifa ya kuendelea, kisha huandika tasnifu yenye ujuzi mpya na kuitetea mbele ya jopo. Ya pili ni Daktari wa Sanaa za Muziki, iliyoenea Marekani kuanzia miaka ya 1950. Msingi wake ni ustadi wa kupiga, kuimba, kuongoza au kutunga. Mpigaji hutoa maonyesho kadhaa ya kupimwa, na andiko lake kwa kawaida ni fupi kuliko tasnifu ya mtafiti. Mfasiri ameziita zote mbili “shahada ya uzamivu” na kuishia hapo.

Neno uzamivu ni zuri. Linatukumbusha mzamivu, yaani mtu wa kuzama baharini na kuibuka na kilichofichika chini. Hatuna ugomvi nalo kama jina la daraja. Lakini daraja si aina. Kamati inayotafuta msimamizi wa tasnifu na kamati inayotafuta mwalimu wa fidla zinahitaji watu wawili mbalimbali, na tafsiri hii inawaweka wote katika chombo kimoja. Tunashauri daraja na aina vitajwe pamoja: “shahada ya uzamivu, Daktari wa Falsafa katika muziki”; na “shahada ya uzamivu, Daktari wa Sanaa za Muziki”. Ni maneno mengi zaidi, lakini wino ni rahisi kuliko haki ya mtu.

Tatu, mwanafunzi wa kupiga ala au kuimba anatakiwa, kwa maneno ya tafsiri, “kufanya tamasha mbili”. Tamasha, kwa wasemaji wa Kiswahili, ni mkusanyiko wa sherehe wenye vikundi vingi na watazamaji wengi, kama lile la sanaa la Bagamoyo au Sauti za Busara la Unguja. Hapa linalokusudiwa ni jambo jingine kabisa. Mtahiniwa hupanda jukwaani, peke yake au pamoja na mpiga kinanda wa kumsindikiza, na kwa muda wa saa moja hivi hutoa muziki wa vipindi na mitindo mbalimbali, watahini wakimsikiliza na kumpima. Wapiga piano na waimbaji aghalabu hutakiwa kutoa sehemu kubwa kwa kichwa bila kutazama maandishi. Huo ni mtihani, sawa kwa uzito na tasnifu ya mwenzake. Tunapendekeza “onyesho la mtahiniwa”. Kila neno lake linajulikana, na kwa pamoja yanasema nani anatoa na kwa nini anatoa.

Nne, mwanafunzi wa utunzi ameagizwa “awasilishe alama za kazi ya okestra”. Neno la asili lina maana mbili, na mfasiri ameshika ile ya mwalimu wa shule. Linalotakiwa ni maandishi kamili yanayoonyesha kila ala ipige nini. Walimu wa kwaya wamezoea neno nota, lakini nota ni sauti moja moja. Tunapendekeza “andiko la muziki”, neno linalofaa kwa maandishi ya mistari mitano na hata kwa yale ya sol-fa yanayotumika sana katika kwaya zetu.

Tano, na hili ndilo lililotusikitisha zaidi, fani moja ya utafiti imeitwa “muziki wa kikabila”. Tangu Guido Adler alipochapa mpango wake wa fani hii mwaka 1885, uchunguzi wa muziki umetambuliwa kuwa elimu yenye njia zake. Mwaka 1950 Jaap Kunst alitoa jina jipya kwa tawi lililokuwa likiitwa elimumuziki linganishi, kwa kuona kwamba kulinganisha si sifa ya tawi hilo peke yake. Tawi hilo huchunguza muziki katika maisha ya watu wanaoupiga, wawe wa Java, wa Vienna au wa Tanga. Kuliita muziki wa kikabila ni kukosea mara mbili: kwanza, kuita elimu kwa jina la kitu kinachochunguzwa, pili, kutia dharau isiyokuwamo katika asilia. Tunapendekeza “elimumuziki” kwa fani nzima, na “elimumuziki ya tamaduni” kwa tawi hili.

Huenda mtu akauliza: shahada hizi za ng’ambo zatuhusu nini? Zatuhusu kwa sababu vijana wetu huzifuata na kurudi na vyeti vyake. Zatuhusu pia kwa sababu hapa kwetu muziki umekwisha kuwa somo la kuhitimiwa. Chuo cha muziki cha nchi za majahazi, kilichoanzishwa Unguja mwaka 2002, hufundisha udi na ala nyingine za taarabu kwa ngazi ya cheti na stashahada. Siku atakapotokea mpiga udi wa kutahiniwa kwa shahada ya uzamili, masharti yake yatapasa kuandikwa kwa lugha anayoiimbia. Ikiwa wakati huo tutakuwa na neno tamasha tu, atapimwa kwa shangwe za watazamaji. Ikiwa tutakuwa na tasnifu tu, vidole vyake havitahesabiwa kitu.

Mapendekezo haya tunayaweka mbele ya wafasiri, walimu na maafisa wa serikali ili yajadiliwe. Aliye na neno bora kuliko “onyesho la mtahiniwa” na alilete. Tunaomba tu kwamba, kabla ya kulileta, ajiulize kama afisa asiyejua muziki ataweza kulisoma na kufahamu mwenye cheti alifanya nini.